Kompyuta wazi zinatafuta wapenda ufundi, lakini Katanika hazijafika

KALEMIE – Katanika, pembezoni mwa mji wa Kalemie, inajulikana kwa wengi kwa sababu moja tu: wakimbizi wa ndani. Tangu mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipowaka jimboni Tanganyika, hasa miaka ya 2016 na 2017, jina la Katanika limezoeleka katika ripoti za mashirika, pamoja na maneno kama maturubai, kipindupindu na mgao wa unga. Mafundi hawahesabiwi sana katika ripoti hizo. Lakini penye watu wengi wenye simu na redio, na wenye pesa kidogo, fundi hakosekani: meza ya mbao, mwavuli, pano ya jua, betri ya pikipiki, chuma cha kulehemu, na kopo lililojaa vipande vilivyong'olewa kwenye vifaa vilivyokufa ili vifaa vingine vipone.

Mbali na hapo, Berlin nchini Ujerumani na Plovdiv nchini Bulgaria, kuna makampuni madogo yanayouza kompyuta kwa kumwambia mnunuzi jambo ambalo makampuni makubwa hayapendi kulisema: hii unaweza kuifungua, kuitengeneza, hata kuiiga, na michoro yake yote hii hapa. Makampuni hayo yanasema yanamtafuta mpenda ufundi. Yanamtafuta Ulaya, Marekani na Japani. Kwenye meza zenye mwavuli za Kalemie hayajawahi kuangalia, na hapo ndipo kosa lao la biashara lilipo.

Kwanza ieleweke ni kitu gani kinachouzwa. Kompyuta ya kawaida, ile ambayo wengi huku huiita ordinatere, ni sanduku lililofungwa. Aliyeitengeneza anajua kila waya unapopita, mnunuzi hajui. Ikiharibika, anaambiwa anunue nyingine. Kompyuta wazi ni kinyume chake. Mtengenezaji anatoa hadharani michoro ya kadi mama, orodha ya vipande, hata umbo la sanduku lenyewe, na anampa kila mtu haki ya kuvitumia, kuvibadilisha na kuviuza. Mwaka 2011 wahandisi wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya maana ya vifaa wazi, na mwaka 2012 kikaundwa chama cha kuisimamia maana hiyo, kinachojulikana kwa kifupi kama OSHWA. Kwa hiyo neno hili lina masharti. Asiyetoa michoro hana haki ya kujiita wazi, hata akipamba tangazo lake namna gani.

Masharti hayo ni ya lazima kwa sababu wauzaji wengi wamejifunza kuchezea neno. Mfano unaojulikana ni Raspberry Pi ya Uingereza, kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kitambulisho, iliyoanza kuuzwa mwezi wa pili mwaka 2012 kwa dola 35. Ni kifaa kizuri na kimefundisha vijana wengi duniani. Lakini si kifaa wazi kwa maana kamili: michoro yake haitolewi yote. Pia ina somo jingine. Wapenda ufundi ndio walioinunua kwanza na kuitangaza bure. Vipande vya elektroniki vilipoadimika duniani, kati ya mwaka 2021 na 2023, kampuni iliwapa kipaumbele wateja wa viwandani, na wale wapenzi wa kwanza wakabaki kusubiri au kununua kwa walanguzi. Anayetaka kumuuzia mpenda ufundi angekumbuka hilo kabla ya kumwita rafiki.

Turudi kwa wale wanaotoa michoro kweli. Kampuni ya MNT ya Berlin ilizindua mwaka 2020 kompyuta ya kubebeka inayoitwa Reform. Michoro yote iko hadharani. Inakuja na kitabu cha maelezo kilichochapishwa, kama zilivyokuwa redio za zamani. Haina ile betri ya umbo maalumu isiyopatikana popote, bali seli nane za mviringo, za ukubwa ule ule ambao fundi yeyote wa Kalemie anaujua kutoka kwenye tochi na pawa benki. Seli moja ikifa, inatolewa hiyo moja. Ni akili nzuri sana. Bei yake wakati inazinduliwa ilikuwa karibu dola 1,000 kwa vipande ambavyo mnunuzi anaviunganisha mwenyewe, na zaidi ya hapo kwa iliyokwisha kuunganishwa.

Dola 1,000. Kwa kifungu hiki kimoja mazungumzo na Katanika yanaweza kuonekana yamekwisha. Hayajaisha, kwa sababu kuna Plovdiv.

Kampuni ya Olimex ya mji huo ilitoa mwaka 2017 kompyuta ya kubebeka inayoitwa TERES-I. Iliuzwa yuro 225, ikiwa katika vipande, na mnunuzi anaiunganisha nyumbani kwa bisibisi. Ina uzito wa karibu kilo moja. Nguvu yake ni ndogo, na mwenye kutaka kuhariri filamu asiipoteze pesa yake hapo. Lakini kila kipande chake kiliuzwa peke yake: kioo, kibodi, betri, kadi mama, hata kifuniko. Kampuni hiyo hiyo inatengeneza kadi za kompyuta ziitwazo OLinuXino. Mojawapo, yenye chipu ya A20, inapokea umeme wa volti 6 hadi 16. Msomaji asiye fundi anaweza kuipita sentensi hiyo. Fundi hawezi. Maana yake ni kwamba kadi hiyo inaungwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, ile ile ya gari au ya pano ya jua, bila kifaa cha kugeuza umeme kinachokula nusu ya moto kabla kompyuta haijawaka. Katika mji unaotegemea mtambo wa Bendera, na katika mitaa ambako waya wa SNEL haujafika au umefika bila moto, volti 6 hadi 16 ni tangazo la biashara lililo kamili. Linafichwa katika jedwali la vipimo, kwa maandishi madogo.

Hapo ndipo uuzaji wa kompyuta wazi unapokosea. Matangazo yake yanazungumza juu ya uhuru. Yanasema mashine yako iwe yako, usipelelezwe, usitawaliwe na kampuni kubwa. Maneno hayo yana ukweli, na Wakongo wanayaelewa kuliko inavyodhaniwa: wanaikumbuka RAM, ile kodi ya simu iliyokata unite za watu kuanzia mwaka 2020 mpaka ilipofutwa mwanzoni mwa 2022 baada ya kelele nyingi. Mtu aliyeamka akakuta unite zake zimekatwa kwa ajili ya kifaa alichokwisha kukilipia hahitaji mhadhara wa Berlin juu ya nani mwenye mali. Lakini uhuru peke yake hauuzi kifaa kwenye meza ya fundi. Kinachouza ni jibu la swali la pili ambalo kila mnunuzi wa huku huliuliza, mara tu baada ya bei: ikiharibika, nani ataitengeneza, na kipande kitatoka wapi?

Kwa swali hilo, kompyuta wazi ina jibu ambalo hakuna kampuni kubwa inayoweza kulitoa. Na haisemi.

Mpenda ufundi wa Ulaya anafungua mashine yake Jumapili mchana kwa raha. Akikosea, anaiweka kabatini na kutumia nyingine. Fundi wa Katanika anafungua mashine kwa sababu mwenye mashine amesimama mbele yake, na chakula cha jioni kimo ndani ya hiyo mashine. Anatafuta shema, yaani mchoro wa nyaya, na shema za simu na kompyuta za kawaida ni siri ya kampuni. Kwa hiyo anazipata kwa njia za panya: picha iliyopigwa kwa simu na kutumwa katika kundi la WhatsApp, faili iliyoibwa mahali fulani na kuuzwa tena, au kubahatisha kwa multimeta, sehemu kwa sehemu, mpaka apate penye ufa. Muda anaoupoteza hapo haulipwi na mtu. Artikle 15, jipange mwenyewe, imekuwa sheria ya kazi yake kama ilivyo ya nchi nzima. Kompyuta yenye michoro hadharani inamwondolea nusu ya kazi hiyo kabla hajashika bisibisi. Yeye ndiye mpenda ufundi anayehitaji michoro hiyo kwa dhati, naye ndiye ambaye tangazo halimfikii.

Halimfikii hata kwa njia ya kulipa. Kompyuta nyingi za namna hii huuzwa kabla hazijatengenezwa: wanunuzi wanachanga, kampuni inakusanya, halafu inatengeneza. Wakongo wana jina la mchango: likelemba. Tofauti ni kwamba katika likelemba mwanachama anajua uso wa anayeshika pesa, na anajua nyumba yake. Katika michango ya intaneti hajui, na kuna mradi wa kompyuta wazi uliochangiwa mwaka 2016 ambao wanunuzi wake walisubiri miaka na miaka. Mtu wa Ulaya akipoteza mchango huo, ananuna. Fundi akipoteza akiba yake, anafunga meza. Tena malipo yanadaiwa kwa kadi ya benki, wakati Kalemie pesa inatembea kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Na mzigo unatumwa kwa kampuni za ndege ambazo gharama yake inaweza kukaribia bei ya kadi yenyewe.

Wapo watakaosema haya ni mazungumzo ya wenye shibe. Katanika inahitaji maji safi, shule na amani, na kijana mwenye njaa hana habari na michoro ya kadi mama. Hoja hiyo ina heshima yake, lakini inasahau kwamba soko liko tayari. Simu zipo Katanika. Vioo, midomo ya kuchajia, betri na spika vinanunuliwa kila wiki, vikitoka Guangzhou na Dubai kupitia Dar es Salaam na Kigoma. Fundi ni mteja wa siku nyingi. Swali ni kama aendelee kuwa mteja wa vitu vilivyofungwa tu.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, na muuzaji mwaminifu angeitaja yeye mwenyewe. Kompyuta ya okazyo iliyotoka ofisi za Ulaya inauzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya Reform, na ina nguvu kuliko TERES-I. Ni kweli. Anayetaka mashine moja ya kuandikia barua na kuangalia mpira, anunue ya okazyo. Kompyuta wazi haina haja ya kumgombania mteja huyo. Mteja wake ni yule anayetaka mashine ifanye kazi moja, kwa moto kidogo, kwa miaka mingi, na iwe rahisi kuifufua. Fikiria zile sekretaria za barabarani ambako wanafunzi wa vyuo vya Kalemie wanachapisha TFC zao. Fikiria shule isiyo na mega za kununua: kadi ndogo inayokula moto kama taa, ikiwa na Wikipedia nzima ya Kifaransa ndani yake kwa programu ya Kiwix, inaweza kuwahudumia wanafunzi kwa simu zao wenyewe bila intaneti hata kidogo. Programu hiyo ni ya bure na inafanya kazi leo. Kinachokosekana ni mtu wa karibu anayeijua kadi ile ndani na nje, ili ikizima mwezi wa tano isitupwe.

Mashine za msaada ndizo zinazotupwa. Kila anayejua shule na vituo vya mashariki mwa Kongo ameona kompyuta zilizotolewa kwa sherehe na picha, ambazo sasa zinabeba vumbi kwa kukosa kipande kimoja. Ndiyo sababu ni vizuri kompyuta wazi ziuzwe Katanika, zisigawanywe. Aliyepewa bure hathubutu kulalamika. Aliyenunua anarudi na kifaa mkononi, anataka haki yake, na muuzaji analazimika kujifunza. Wakimbizi wa ndani wamezoeshwa kuonekana kama watu wa kupokea tu. Kuwatambua kama wateja, wenye masharti na wenye kukataa, ni heshima ambayo haipo katika orodha ya mgao.

Afrika tayari imeonyesha namna. Mwaka 2011 wanafunzi wa Paris walibuni kompyuta iitwayo Jerry: vipande vya kompyuta zilizotupwa, vimepangwa ndani ya bidoni la lita 20. Wazo hilo likapata makao zaidi Afrika ya Magharibi, Côte d'Ivoire, Benin na Togo, kuliko lilikozaliwa. Huko Lomé, kwenye karakana ya WoeLab, mwaka 2013 vijana walitengeneza hata mashine ya kuchapa vitu kwa plastiki, kwa kutumia vyuma na mota za vifaa vya taka. Hakuna kampuni iliyowatangazia. Walipata michoro, wakapata taka, wakafanya. Bidoni la njano ambalo kila mama wa Katanika anachotea maji lilikuwa sanduku la kompyuta mahali ambako mtu alikuwa na mchoro mkononi. (Mwenye kucheka aone kwanza jinsi bidoni linavyozuia vumbi.)

Kuna pia somo la Arduino, kadi ndogo ya kufundishia elektroniki iliyozaliwa Ivrea nchini Italia mwaka 2005. Michoro yake ilikuwa wazi tangu mwanzo, na viwanda vya China vikaiiga kwa bei ya chini sana. Wengi walitabiri kifo cha kampuni. Haikufa. Nakala za bei nafuu ndizo zilizoifikisha kadi hiyo Afrika, na jina likakua kupitia nakala hizo. Mwezi wa kumi mwaka 2025 kampuni kubwa ya Marekani, Qualcomm, ilitangaza kuinunua Arduino, na wapenda ufundi wengi wakaingiwa na hofu. Lakini michoro iliyokwisha kutolewa hairudi kabatini. Aliyejifunza kutengeneza kadi ile ataendelea kuitengeneza, mwenye kampuni awe nani. Hiyo ndiyo bima ambayo fundi wa Kalemie angepaswa kuelezwa, kwa lugha yake, na haihitaji neno uhuru hata mara moja.

Na kuna jambo ambalo muuzaji wa Berlin hawezi kulikwepa akifika huku. Bati linaloyeyuka kwenye ncha ya chuma cha kulehemu, tantali ya koltani iliyo ndani ya kondensa, lithiamu iliyo ndani ya zile seli nane: vyote hivyo vimo ardhini Manono, katika jimbo lile lile la Tanganyika. Bati na koltani ya huko vimechimbwa tangu enzi za ukoloni. Lithiamu yake inagombaniwa na makampuni ya Australia, China na Marekani. Kampuni inayojisifu kwamba mteja anaweza kujua kila kitu kilicho ndani ya mashine yake itaulizwa, na kwa haki, madini yake yametoka kwa nani na mchimbaji alilipwa nini. Mchoro unaoonyesha kila waya lakini hauonyeshi shimo lilikotoka bati ni mchoro wa nusu. Swali hilo lisiwafukuze. Ni afadhali kuulizwa na fundi wa Tanganyika kuliko kusifiwa na wateja ambao hawajui Manono iko wapi.

Kazi yenyewe si ya mamilioni. Kifurushi cha kwanza hakihitaji kuwa na kompyuta za kubebeka hata moja. Kadi kumi zinazopokea volti 12, pamoja na vipande vyake vya akiba vya kutosha miaka miwili, zingetosha kuanza. Michoro iwekwe kwenye kadi ya memori, si kwenye intaneti inayokula mega, na maelezo yawe kwa Kifaransa na Kiswahili, kwa sababu mafundi wengi walijifunza kwa kuangalia na hawasomi Kiingereza. Mafundi watano wa jirani wanaweza kuungana kwa likelemba na kununua kadi moja ya kujifunzia, malipo yakitumwa kwa simu, nusu kabla na nusu baada ya kuiona inawaka. Njia ya mzigo ni ya zamani: reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, boti kuvuka ziwa hadi bandari ya Kalemie, halafu pikipiki. Forodha ya DGDA na ukaguzi wa OCC vina ada zake, na hapo serikali ya jimbo ina la kufanya, ikiwa kweli inataka vijana wake wafanye zaidi ya kubeba magunia: itetee Kinshasa ili vipande vya kujifunzia na kutengenezea visitozwe kama mashine za anasa.

Tangazo, kama lazima liwepo, lifanyike mezani. Kadi ifunguliwe mbele ya watu, iungwe kwenye betri ya pikipiki, iwashwe, halafu ing'olewe kipande kimoja makusudi na fundi wa mtaa apewe mchoro airudishe. Watu wa Katanika wanajua kusimama na kutazama kazi ya mikono, na wanajua kucheka ikishindikana. Wakitawanyika, mmoja wao atabaki nyuma na kuuliza bei. Halafu atauliza kama kuna namba ya simu ya kupiga siku kipande kikiungua, na kama anayeipokea anasema Kiswahili. Namba hiyo inapaswa kuwa tayari kabla kifurushi hakijapanda boti Kigoma.